Viza ya kufanya kazi kwa mbali: anza na faili lako, nchi itafuata

Swali hili linaulizwa kila siku, na karibu kila mara linaulizwa kinyume: "Nchi gani ina viza rahisi kwa mtu anayefanya kazi mtandaoni?" Mmoja anajibu Ureno, mwingine Thailand, wa tatu Dubai, na aliyeuliza anaondoka na majina matatu ambayo huenda hata moja halimhusu. Urahisi si sifa ya nchi. Viza ileile ambayo mtu mmoja anaipata ndani ya wiki chache inaweza kumkwamisha mwenzake miezi sita, kwa sababu tu yule ana mkataba wa ajira na pasipoti inayokubalika, na huyu ana wateja watano wanaolipa siku wanayojisikia.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Ada ya maombi hairudishwi viza ikikataliwa, na nyumba uliyokwisha kuikabidhi hairudi. Watu wanauza samani na kuaga kazini wakiwa wamesoma bei ya kodi ya nyumba kule waendako, lakini hawajasoma masharti ya kuingia.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Neno "viza" linabebeshwa mizigo minne. Viza yenyewe ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi humo kwa muda uliotajwa. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kuingia kwenye soko la ajira la nchi ile, ukaajiriwa na kampuni ya huko au ukauza huduma kwa watu wa huko. Na ukaazi wa kikodi ni hali ya kuhesabiwa na mamlaka ya kodi kuwa wewe ni wao. Manne haya hutolewa na ofisi tofauti, kwa sheria tofauti, na kupata moja hakukupi lingine. Mtu anaweza kuwa na viza bila kibali cha kazi, na anaweza kudaiwa kodi na nchi ambayo haijawahi kumpa kibali cha ukaazi.

Viza ya mfanyakazi wa mbali inakaa wapi kati ya hayo? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Viza hii inaugeuza msemo huo. Mwenyeji anakwambia: kaa mwaka mzima ukitaka, lakini jembe langu usiliguse. Njoo na jembe lako, shamba lako liwe kwingine, na mavuno uyalete hapa uyatumie. Ukilishika hilo, masharti mengi yanajieleza yenyewe. Ndiyo maana wanataka mwajiri au wateja walioko nje. Ndiyo maana kuna kiwango cha chini cha kipato. Ndiyo maana kufanya kazi kwa duka la jirani huko huko ni kosa hata kama una viza halali mfukoni. Hispania ndiyo iliyolegeza kidogo: aliyejiajiri anaruhusiwa kupata hadi asilimia 20 ya kazi zake kutoka kwa wateja wa Kihispania. Penginepo mlango huo kwa kawaida umefungwa.

Mfumo wenyewe ni mchanga. Barbados ilizindua Welcome Stamp Julai 2020, wakati mahoteli yalikuwa matupu kwa sababu ya korona, na Estonia ikafuata Agosti mwaka huohuo. Baada ya hapo nchi nyingi ziliiga, kila moja ikibuni jina lake. Mauritius inaiita Premium Visa. Malaysia ina DE Rantau. Thailand ina Destination Thailand Visa, ambayo wengi wanaifupisha kuwa DTV. Japani haina hata jina maalumu. Imeiweka ndani ya fungu la viza za "shughuli maalumu". Mtu anayetafuta neno moja tu kwenye tovuti za balozi anaweza kupita mlango uliokuwa wazi bila kujua.

Nyuma ya majina hayo kuna aina mbili za viza, na kuzichanganya ndilo kosa linaloumiza zaidi. Ya kwanza inakufanya mgeni wa muda mrefu: unakaa, muda ukiisha unaondoka. Japani inatoa miezi 6 isiyoongezwa, na ukitaka kurudi kwa viza hiyo ukae kwanza nje miezi 6. Iceland inatoa hadi siku 180. Aina ya pili inakufanya mkaazi: Hispania, Ureno na Ugiriki zinatoa kibali kinachohuishwa, na miaka hiyo inaweza kuhesabika kuelekea ukaazi wa kudumu. Thailand imesimama katikati kwa namna yake. Viza yake ya DTV, iliyoanza Julai 2024, inadumu miaka 5, lakini kila ukiingia unapewa siku 180, na unaweza kuomba kuongezewa mara moja kwa kila uingiaji. Mtu akisikia "miaka mitano" anadhani amepata makazi. Alichopata ni mlango unaoweza kuufungua tena na tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni kama unataka kukaa au kuhamia. Anayetaka mwaka mmoja wa kubadilisha mandhari hana sababu ya kupambana na urasimu wa ukaazi wa Ulaya. Anayetaka watoto wasome shule moja hadi wamalize asipoteze mwaka kwenye viza ambayo mwisho wake ni uwanja wa ndege.

Pasipoti inachuja kabla ya kipato

Orodha nyingi zinazosambazwa huanza na kiwango cha mshahara. Ningezipanga upya zote zianze na pasipoti, kwa sababu baadhi ya viza hizi haziombwi na kila mtu hata akiwa tajiri. Viza ya Iceland inatolewa kwa wale tu ambao hawahitaji viza kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Ya Kolombia nayo ni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza ya muda mfupi. Japani ilianza na orodha ya nchi na maeneo 49. Cape Verde iliufungua mpango wake kwa watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Asiye raia wa nchi zilizotajwa anaweza kuwa na mshahara mara tatu ya uliotakiwa, na fomu yake isifike popote.

Upande wa pili upo, na hauimbwi vya kutosha. Hispania, Ureno, Ugiriki, Thailand na Brazili hazikujengwa juu ya orodha ya namna hiyo. Kwa mwenye pasipoti inayohitaji viza karibu kila mahali, hizi ndizo za kusoma kwanza, hata kama masharti mengine ni magumu. Masharti magumu unaweza kuyafanyia kazi mwaka mzima ukayafikia. Orodha ya uraia huwezi.

Kipato: namba moja, maana nyingi

Hapa watu wanalinganisha namba kama wanaolinganisha bei sokoni, na wanasahau kuuliza kinachopimwa ni nini. Estonia inaangalia mshahara kabla ya makato. Ugiriki inataka euro 3,500 kwa mwezi baada ya kodi, yaani fedha inayoingia mkononi. Mtu mwenye mshahara wa euro 4,000 kabla ya makato anaweza kudhani anaivuka Ugiriki vizuri na kumbe anaikosa. Thailand haipimi mshahara kama kigezo kikuu. Inataka uonyeshe akiba ya baht 500,000. Brazili inakupa njia mbili: kipato cha dola 1,500 za Marekani kwa mwezi, au akiba ya dola 18,000. Kwa aliyejiajiri, ambaye mwezi mmoja ananona na mwingine anakonda, njia ya akiba mara nyingi ndiyo inayomfaa, na ni ajabu jinsi wachache wanavyoitafuta.

Kisha namba zenyewe zinatembea. Estonia ilianza na euro 3,504 kwa mwezi, ikapanda hadi 4,500. Malta ilitoka 2,700 hadi 3,500 mwaka 2024. Ureno na Hispania hazijaandika namba kabisa. Zimeifunga kwenye kima cha chini cha mshahara cha nchi. Ureno inataka mara nne ya kima hicho, na kwa kuwa kima kinapandishwa kila Januari, sharti lilikuwa euro 3,040 mwaka 2023, 3,280 mwaka 2024 na 3,480 mwaka 2025. Hispania inataka mara mbili, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa takriban euro 2,763 kwa mwezi. Anayeandaa faili Oktoba na kuliwasilisha Februari anaweza kukuta mstari umesogea mbele yake.

Ukija na familia namba inakua tena. Ugiriki inaongeza asilimia 20 kwa mwenza na asilimia 15 kwa kila mtoto. Hispania inaongeza asilimia 75 ya kima cha chini kwa mtegemezi wa kwanza na asilimia 25 kwa kila anayefuata. White Card ya Hungaria haimruhusu mwenye kadi kuleta familia kwa kadi hiyo kabisa, jambo ambalo wengine huligundua wakiwa wamekwisha kulipia tafsiri za vyeti vya ndoa.

Lakini kinachoangusha maombi mengi ni namna kipato kinavyoonekana kwenye karatasi. Chukua mfasiri anayejitegemea. Stetimenti yake ya benki ya mwezi mmoja ina mistari mitatu ya fedha kuingia. Euro 1,900 zimeandikwa jina la kampuni ya kupitishia malipo. Euro 640 zimetoka moja kwa moja kwa mteja, jina lake likionekana. Euro 1,200 zimetoka kwenye akaunti yake mwenyewe ya pili. Yeye anajumlisha anapata 3,740 na kutabasamu. Ofisa anaweka kalamu kwenye kila mstari na kuuliza: huyu ni nani? Kwa swali hilo moja, anachokiona ni 640. Zile 1,200 ni fedha iliyohama chumba, haijaingia nyumbani. Zile 1,900 zinaweza kurudi, ila kwa sharti kwamba kuna ankara zenye kiasi kinacholingana, tarehe inayolingana, na mkataba wenye jina lilelile la mteja. Akizileta, anafika 2,540. Kwa Hispania ya mwaka 2025 bado amepungukiwa. Kwa Brazili au Mauritius, ambayo inataka dola 1,500 kwa mwezi, amevuka bila kuhema.

Mfasiri huyu hana haja ya kutafuta "nchi rahisi". Anahitaji kuziba mianya ya karatasi zake kwa miezi kadhaa, fedha za kazi zipite akaunti moja, kila malipo yawe na ankara, kisha aangalie upya ni milango gani imefunguka. Mara nyingi inafunguka miwili au mitatu ambayo mwanzoni hakuihesabu.

Hispania inaongeza masharti mengine yanayostahili kusomwa polepole. Uhusiano wako na kampuni au mteja uwe na angalau miezi 3, na kampuni yenyewe iwe imefanya kazi angalau mwaka mmoja. Wewe uwe na shahada au mafunzo ya taaluma yanayotambuliwa, au uzoefu wa miaka 3. Aliyepata mkataba mnono wiki iliyopita kutoka kwa kampuni changa hana nafasi, haidhuru mshahara ni kiasi gani.

Kodi haipo kwenye fomu, lakini ipo

"Mshahara wangu unalipwa nje, kwa hiyo sidaiwi kodi huku." Imani hii imeenea kuliko zote, na ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. Nchi nyingi huangalia mwili wako ulikuwa wapi ulipofanya kazi. Akaunti iliyopokea fedha ni jambo la pili. Kipimo kinachojulikana zaidi ni siku 183 ndani ya mwaka au ndani ya miezi 12: ukizifikisha, unahesabiwa mkaazi wa kikodi. Na siku 183 si ukuta. Ureno inaweza kukuhesabu mkaazi hata kabla ya hapo ikiwa una nyumba humo inayoonekana kuwa makazi yako ya kawaida. Nchi nyingine huangalia familia yako iko wapi na mambo yako makuu yako wapi.

Ofisi ya uhamiaji inayokupa viza haina wajibu wa kukueleza hili, na kwa kawaida haikuelezi. Kila nchi imechagua njia yake. Kroatia imesamehe kodi ya mapato ya kazi unayomfanyia mwajiri wa nje ukiwa na kibali cha wafanyakazi wa aina hii. Barbados nayo haitozi kodi ya mapato kwa wenye Welcome Stamp, ila unalipia viza yenyewe dola 2,000 za Marekani, au 3,000 kwa familia, na unatakiwa kutarajia kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Falme za Kiarabu hazina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Hispania ina utaratibu maalumu ambao aliyeajiriwa anaweza kulipa asilimia 24 kwa mapato ya hadi euro 600,000, lakini lazima auombe ndani ya miezi 6 tangu aandikishwe kwenye hifadhi ya jamii. Ukipitwa na dirisha hilo, unaingia kwenye ngazi za kawaida za kodi, ambazo kwa mishahara mikubwa ni nzito zaidi.

Mauritius ina kanuni ninayoipenda kwa uwazi wake. Anayefanya kazi kwa mbali kwa Premium Visa anatozwa kwa fedha alizoziingiza nchini. Akinunua vitu kwa kadi ya benki ya nje, hiyo haihesabiwi kuwa ameingiza. Akiweka fedha kwenye akaunti ya benki ya Mauritius, hapo inahesabiwa. Yaani kitendo cha kufungua akaunti ili kurahisisha maisha kinaweza kubadilisha hali yako ya kodi. Thailand nayo, tangu Januari 2024, inamtoza mkaazi wa kikodi kwa kipato cha nje anachokiingiza nchini, na mkaazi ni yule anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda. Angalia ile namba: DTV inakupa siku 180 kwa kila uingiaji. Ukizitumia zote ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, umeshafika mstarini bila kuongeza siku hata moja.

Kuna pia nchi unayotoka. Kuondoka hakufuti jina lako kwenye daftari lake la kodi mara moja. Baadhi hutaka utangaze kwamba umehama, nyingine huendelea kukuhesabu kwa sababu ya nyumba au familia uliyoiacha. Marekani huwatoza raia wake popote walipo duniani, na Eritrea nayo inadai raia wake walioko nje. Mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili inasaidia, lakini ipo kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tafuta kama nchi unayolipia kodi sasa ina mkataba na ile unayoitamani. Saa moja na mtu anayejua kodi za nchi zote mbili ni matumizi mazuri ya fedha kuliko wakala wa viza anayekuahidi "kifurushi kamili".

Mwajiri naye ana kura

Wengi humjulisha mwajiri mwishoni, viza ikishatoka. Huo ni mpangilio mbaya. Karibu kila nchi itataka barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba unaruhusiwa kufanya kazi ukiwa nje ya nchi, tena wakati mwingine ikitaja nchi kwa jina. Mkataba unaosema kituo chako cha kazi ni ofisi fulani ya mji fulani unatosha kuliangusha faili.

Na mwajiri ana sababu za kusita ambazo si roho mbaya. Mfanyakazi anayekaa nchi nyingine na kusaini mikataba kwa niaba ya kampuni anaweza kuifanya kampuni ionekane ina tawi huko, na ikadaiwa kodi ya kampuni. Kuna pia hifadhi ya jamii. Hispania inataka kujua unachangia wapi. Aliyeajiriwa anatakiwa ama alete cheti kwamba anaendelea kuchangia katika nchi yake, ambacho hupatikana pale tu nchi hizo mbili zina makubaliano, ama kampuni yake ijiandikishe Hispania ianze kuchangia huko. Kampuni nyingi zikisikia hilo la pili, mazungumzo yanaishia hapo. Ajabu ni kwamba aliyejiajiri, ambaye kwenye kipato anateseka, hapa anapumua: anajiandikisha mwenyewe kama mtu aliyejiajiri na kulipa mchango wake.

Usisahau saa. Mwenye timu New York anayeanza kikao saa nne asubuhi, akiwa Tokyo katika miezi ya baridi, kwake ni saa sita usiku. Kwa mwezi mmoja ni burudani. Kwa miezi 6 ni afya yako.

"Wapi" ya pili: dirisha gani?

Swali la wapi pa kuomba lina nusu ambayo husahaulika. Ukishachagua nchi, unaomba kwenye dirisha gani? Kwa kawaida ni ubalozi au konseli (ubalozi mdogo) inayohudumia mahali unapoishi kisheria. Huwezi kupita nchi ya tatu kama mtalii ukaomba hapo kwa sababu umesikia foleni yake ni fupi. Utaulizwa kibali chako cha kuishi nchi hiyo. Na konseli mbili za nchi moja zinaweza kutaka nyaraka tofauti kwa sheria ileile, kwa hiyo orodha ya rafiki aliyeomba kwingine ni mwongozo tu.

Hispania inafungua njia mbili. Ukiomba konseli unapata viza ya hadi mwaka mmoja. Ukiwa tayari umo nchini kihalali, hata kama mtalii, unaweza kuomba humo humo na kupata kibali cha hadi miaka 3. Thailand ni kinyume: DTV inaombwa ukiwa nje. Mauritius na Malaysia zinapokea maombi mtandaoni. Ureno inakupa kwanza viza ya kuingia ya miezi 4, kisha unakwenda kwenye wakala wa uhamiaji, AIMA, kupata kibali chenyewe. AIMA ilichukua nafasi ya idara ya zamani Oktoba 2023 na kurithi malaki ya majalada yaliyolala, hivyo anayeichagua Ureno aingie akijua kwamba sehemu ngumu ya kusubiri huenda ikaanza baada ya kufika.

Bado kuna mambo mawili yanayosikika sana. La kwanza: "Ukipata kibali cha nchi moja ya Schengen, umepata Ulaya yote." Hapana. Kibali cha Ureno kinakuruhusu kuishi Ureno. Ujerumani au Ufaransa unakwenda kutembea, siku 90 ndani ya kila siku 180.

La pili: "Ingia kama mtalii, fungua kompyuta, nani atajua?" Jibu linategemea nchi, na mengine yameandikwa. Uingereza tangu 31 Januari 2024 inamruhusu mgeni kufanya kazi yake ya nje kwa mbali, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. New Zealand ilifungua mlango kama huo 27 Januari 2025, huku ikiwatahadharisha wanaozidi siku 90 waangalie suala la kodi. Kwa hiyo mwenye safari ya wiki chache huenda hahitaji viza ya wafanyakazi wa mbali hata kidogo. Mahali ambapo sheria imenyamaza au imekataza, usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kukiuka masharti ya uingiaji kunaweza kukufuata kwenye kila fomu inayouliza kama umewahi kukataliwa au kuondolewa nchini.

Na kuhusu uraia, nitasema kifupi. Viza za aina ya kwanza hazielekei huko. Za aina ya pili zinaweza, lakini usijenge maisha juu ya idadi ya miaka iliyoandikwa leo. Ureno ilivutia wengi kwa miaka yake 5, na mwaka 2025 Bunge lake likapiga kura kuirefusha.

Ukishapata nchi mbili zinazokubali pasipoti yako, karatasi zako na mwajiri wako, anza kukusanya, na mpangilio wa kukusanya una maana. Barua ya mwajiri itangulie, kwa sababu ndiyo pekee inayohitaji mtu mwingine aseme ndiyo. Bima ya afya ifuate, na usome kiasi inachofidia: Japani inataka bima inayofidia matibabu ya angalau yen milioni 10, na bima ya kawaida ya safari huenda isifike hapo. Vyeti vya elimu na ndoa vitahitaji tafsiri na uthibitisho. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 hutumia muhuri uitwao apostili, zisizo humo hupitia wizara na ubalozi, hatua baada ya hatua, na hilo linaweza kula wiki kadhaa. Cheti cha tabia njema kutoka polisi kiwe cha mwisho kuombwa. Mara nyingi kinakubalika kikiwa na umri wa miezi 3 hadi 6, na siku hizo zinahesabiwa tangu kilipotolewa, si tangu kilipogongwa muhuri.